Yakini Iko Ng'ambo ya Ruvuma: Mjadala juu ya Limfoma ya Ubongo

Swali lililowekwa mbele ya wazungumzaji ni hili: mtu aliyeshikwa na kifafa ukubwani, akaumwa kichwa kwa majuma, akageuka tabia, na ambaye kila dalili yake yaonyesha kuwa ndani ya ubongo wake mna uvimbe, akiwa yuko Palma au Quionga au katika kijiji chochote baina ya Rasi Delgado na mlango wa mto Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji, apewe dawa kwa kudhania maradhi yake, au azuiliwe dawa mpaka afikishwe kule ambako yakini hupatikana? Aliye Lisbon au London haulizwi swali hili, kwa kuwa picha ya ubongo na kisu cha mpasuaji viko mtaa wa pili na nyumba yake. Lakini katika pwani hii, ambayo vita viliingia tarehe 5 Oktoba 2017, kimbunga Kenneth kikaivunja Macomia na Ibo mwezi wa Aprili 2019, na mji wa Mocímboa da Praia ukakaa mikononi mwa waasi tangu Agosti 2020 hata Agosti 2021, hospitali zikaharibiwa na matabibu wakatawanyika pamoja na wagonjwa wao, hapana jibu litakaloweza kutolewa bila ya kutaja umbali, karatasi na maji ya mto.

Mgonjwa niliyewawekea wazungumzaji si mtu wa kweli, kwa sababu siri ya mgonjwa ni amana. Ni mwanamke wa kubuni wa miaka 38, muuza samaki wakavu wa Quionga, anayeishi na virusi vya ukimwi, aliyekimbia vita bila vidonge vyake na kurejea baada ya miezi mingi. Nao wazungumzaji ni sauti nilizozitunga kutokana na hoja ambazo yeyote aliyewahi kukaa nje ya mlango wa hospitali ya wilaya katika nchi hizi amezisikia: Tabibu, mzee aliyezoea kutibu kwa macho, masikio na vidole, Daktari, kijana aliyesomea Maputo na kufanya mazoezi ya kazi Dar es Salaam, Nahodha, mwenye jahazi la kwenda Msimbati na Mtwara, Bi Mkubwa, aliyeuguza wengi, na Maalim, ambaye kazi yake ni kugawa zamu za kusema, ingawa msomaji ataona kwamba kazi hiyo haikumtosha.

DAKTARI: Kabla ya kushindana juu ya dawa, Maalim, yafaa tujue adui ni nani. Miongoni mwa chembe nyeupe za damu, zinazoulinda mwili na maradhi, iko aina iitwayo B; chembe hizo zikiharibika na kuanza kuzaana pasipo kiasi, hutokea limfoma, ambayo watu wetu huiita saratani ya mitoki kwa vile aghalabu huonekana kwanza kwa uvimbe wa shingoni, kwapani au kinenani. Hii tunayoizungumza leo haina uvimbe wa nje. Huanza ubongoni, au ndani ya jicho, au katika maji yauzungukayo uti wa mgongo, na kwa kawaida haitoki huko. Utampapasa mgonjwa mwili mzima usione mtoki hata mmoja, utapima damu yake usikute cha kukushtua, na mauti yake yamo njiani.

BI MKUBWA: Basi nikuambie, mwanangu, sisi wa nyumbani huona nini. Mfano wa huyu mwanamke wenu nimemuuguza. Hakuanza kwa kuanguka. Alianza kwa kutia chumvi katika chai. Akawa anajifunga kapulana, kitenge chake, upande wa ndani ukawa nje, akatoka nayo hivyo mpaka sokoni. Akisimama kusali adhuhuri huswali rakaa tano, na ukimwambia hukasirika, yeye ambaye tangu utoto wake hakuwahi kumjibu mtu kwa ukali. Mumewe akasema amechoka. Majirani wakasema amechezewa. Mwezi wa pili mkono wa kuume ukalegea, watu wakasema kiharusi. Alipoanguka jikoni na kutoka povu, ndipo tuliposema kifafa. Miezi mitatu imekwisha, na mlango wa hospitali hatujaugusa.

DAKTARI: Umeyaeleza, Bi Mkubwa, kuliko kitabu nilichosomea. Uvimbe huu hupenda kukaa ndani kabisa, kando ya vyumba vya maji ya ubongo, katika ule mshipi uunganishao nusu zake mbili, na mara nyingi sehemu ya mbele, ambayo ndiyo makao ya tabia na busara. Kwa hiyo akili hupotoka kabla ya kiungo kulegea, na familia huwa imekwisha kutafuta sababu kwingine.

MAALIM: Nani hupatwa?

DAKTARI: Watu wa namna mbili. Wa kwanza ni wazee, hasa waliovuka miaka 60, ambao kinga yao haina kasoro inayojulikana. Wa pili ni wale ambao kinga yao imeanguka, na hapa kwetu sababu kubwa ya kuanguka huko ni virusi vya ukimwi: upimaji wa taifa wa mwaka 2021 ulikuta kwamba katika kila watu wazima 100 wa Msumbiji 12.5 wanaishi na virusi hivyo. Hesabu ya chembe za kinga ziitwazo CD4 ikishuka chini ya 50, kirusi kingine, kiitwacho Epstein-Barr, ambacho karibu kila mmoja wetu amekibeba tangu utoto bila ya kukijua, hupata nafasi ya kuzichochea zile chembe za B mpaka ziasi. Na katika limfoma ya ubongo ya wenye ukimwi, kirusi hicho hukutwa karibu katika kila mgonjwa. Sasa fikirini usiku wa Machi 2021, Palma iliposhambuliwa. Mtu aliyekimbilia mikokoni akiwa na mtoto mgongoni hakurudi nyuma kutafuta chupa ya vidonge.

TABIBU: Hapo ndipo ninapoingia mimi. Mwanangu ameanza na maradhi ambayo katika umri wangu wote wa kazi sikupata kuyathibitisha hata mara moja. Wala simlaumu, kwa sababu kutothibitisha si kutoona. Lakini mtu mwenye kinga iliyoanguka, akiwa na uvimbe ubongoni, mtuhumiwa wa kwanza si limfoma. Wa kwanza ni toksoplasma, kidudu cha paka na cha nyama isiyoiva, ambacho watu wengi wanacho kikiwa kimelala, nacho huamka kinga inapoanguka. Wa pili ni kifua kikuu, ambacho licha ya jina lake hufanya vivimbe hata kichwani. Toksoplasma ina dawa, na dawa yenyewe ni ileile septrini iliyomo katika kabati ya zahanati, ila kwa kipimo kikubwa kupita kile cha kinga. Basi mimi nampa septrini leo, nami nahesabu siku. Mwenye toksoplasma aghalabu huanza kupata nafuu katika juma la kwanza, na siku 14 hazimaliziki bila ya dalili ya wazi. Akipata nafuu, nimemtibu na nimeyajua maradhi yake kwa pamoja. Asipopata, nimejua kuwa ni kitu kingine, na limfoma imesogea mbele ya safu.

DAKTARI: Sina ugomvi na hayo, mzee wangu. Hata mabingwa wenye picha za kila namna hufanya hivyo, kwa kuwa picha nazo huhadaa. Vitabu husema toksoplasma huwa na vivimbe vingi vyenye pete ing'aayo, na limfoma huwa na uvimbe mmoja ung'aao wote; lakini limfoma ya mwenye ukimwi hufa katikati yake, nayo ikafanya pete vilevile, na huweza kuwa vivimbe viwili au vitatu, na mtazamaji akabaki na shaka. Nitaongeza mambo mawili tu. Ikiwa damu yake haina alama kwamba aliwahi kuingiwa na toksoplasma, dhana yako inadhoofika sana. Na ikiwa alikuwa akimeza septrini ya kinga kila siku bila ya kukosa, inadhoofika pia.

TABIBU: Nilijiandaa kwa vita, nawe umenipa mkono.

DAKTARI: Nimekupa mkono kwa septrini. Nisilokubaliana nalo ni ile dawa ya pili, sindano uliyoificha mfukoni mwa koti.

Sindano anayoitaja ni ya deksamethasoni, na msomaji asiyekuwa wa kazi hii yampasa aijue, kwa kuwa mjadala wote umeizunguka. Ni dawa ya jamii ya steroidi, ya bei nafuu, yenye kupatikana hata pale pasipokuwa na kitanda, nayo hupunguza uvimbe wa maji unaoizunguka ile nyama mbaya ndani ya fuvu. Mgonjwa aliyekuwa akitapika kila alfajiri na kushindwa kuinua kichwa, huweza kuketi na kuomba uji baada ya siku mbili. Tabibu yeyote aliyewahi kuliona jambo hilo hulipenda, na familia humwombea dua.

TABIBU: Sikuificha, naitangaza. Mwanamke huyu ameletwa kwenye kitanda cha kamba. Kichwa chamuuma hata hawezi kufumbua macho, usingizi wamzidi, na mboni moja imeanza kuwa kubwa kuliko ya pili, maana yake ubongo unasukumwa kutoka mahali pake. Wataka nimtazame mpaka siku ya 14?

DAKTARI: Kwa huyo mwenye mboni iliyopanuka sitakuzuia, wala hapana bingwa atakayekuzuia. Lakini kweli ni kwamba wewe huipa kila mwenye kichwa. Sikiliza dawa hiyo hufanya nini katika limfoma. Haipunguzi maji peke yake. Huziua zile chembe za B zenyewe. Katika siku chache uvimbe husinyaa, na mara nyingine hutoweka kabisa katika picha. Mgonjwa akifika kwa mpasuaji, sindano ya mpasuaji hutoa chembe zilizokufa au nyama isiyokuwa na kitu. Mkaguzi wa maabara huandika kwamba hakuona saratani. Mgonjwa hurejeshwa kwao na watu hushukuru, kisha baada ya majuma au miezi uvimbe hurudi, na safari hii hauisikii dawa ile kama mara ya kwanza. Tena umeiharibu hata hesabu yako mwenyewe: umempa septrini na deksa siku moja, siku ya nne ameamka. Nani kamwamsha?

NAHODHA: Hilo nalielewa bila ya kusoma. Nikibadili tanga na usukani kwa wakati mmoja, jahazi likirudi katika njia sitajua kilicholirudisha ni kipi.

TABIBU: Maneno mazuri, na yote yanamfaa mgonjwa atakayefika kwa mpasuaji. Asiyefika, ushahidi unamhifadhia nani? Mimi nina mtu mmoja na usiku mmoja. Nikimnyima auni ya leo kwa ajili ya ithibati ya mwezi ujao, na mwezi ujao hauji, nimemdhulumu mara mbili.

Naomba ruhusa ya msomaji niseme langu hapa, maana hoja hii ni nzito na sipendi ipite. Tabibu ana haki katika sehemu ya kwanza ya maneno yake: ushahidi usiokuwa na mahakama ya kuupokea ni adhabu kwa mgonjwa. Kosa lake limo katika kudhania kwamba ameshajua nani atafika na nani hatafika. Amemtazama mwanamke wa Quionga, ameitazama kapulana yake na miguu yake yenye vumbi, akakata shauri kwa niaba yake kwamba safari yake inaishia hapa. Na hukumu hiyo, ambayo hakuiandika popote wala hakumwuliza mtu, ndiyo iliyoshika sindano. Sikuwa peke yangu katika kuliona hilo.

BI MKUBWA: Bwana Tabibu, kwa heshima zako, nani alikuambia hatafika? Ulimwuliza? Ulimwuliza kaka yake, mwenye mashine ya mashua? Watu hawa wameuza mashua kwa arusi, waziuze pia kwa roho. Ila wasipoambiwa kwamba kuna mahali pa kwenda, watauza kwa mganga wa ramli.

MAALIM: Basi Nahodha atuambie kama mahali pa kwenda papo.

NAHODHA: Papo, lakini njia ina masharti. Kusini kuna Pemba, barabara ya mamia ya kilomita, vizuizi vya askari, na kuna nyakati magari hayaendi ila kwa msafara wa ulinzi. Kaskazini kuna Mtwara, na Mtwara ni karibu zaidi. Kwa nchi kavu utafika Namoto, uvuke Ruvuma kwenda Kilambo, na kuvuka kwataka maji yawe yamejaa, kwa sababu mto huo una michanga isiyotulia mahali pamoja. Lile Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 liko Negomano, bara kabisa. Kwa mgonjwa wa pwani ni sawa na kutokuwepo. Kwa bahari, wakati wa kusi upepo na mkondo wa maji vyote vyaenda kaskazini, nampeleka kwa raha; wakati wa kaskazi napiga bisho mchana kutwa, naye huyo atatapika hata asiyokula. Kisha kuna karatasi. Mwaka 2021 wako waliovuka mto wakikimbia risasi, wakarudishwa Msumbiji kwa njia ya Negomano. Siwalaumu wenye mpaka, lakini mgonjwa asiyekuwa na barua sitampakia, maana nitarudi naye.

DAKTARI: Na Mtwara si mwisho. Picha ya CT hata ikipatikana huko, kutoa kipande cha ubongo ni kazi ya Dar es Salaam, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Au ya Maputo, ambako kutoka hapa ni mbali kuliko Dar kwa zaidi ya mara tatu.

NAHODHA: Wakishakifungua kichwa, kwa nini wasikikate hicho kitu kikatoka chote?

DAKTARI: Kwa sababu limfoma haina ukingo. Chembe zake zimetambaa kando ya mishipa ya damu mpaka mahali ambapo picha haionyeshi kitu, na uvimbe wenyewe umekaa ndani sana. Ukiutoa utamtoa mgonjwa sauti yake au mguu wake, na maradhi yatabaki. Mpasuaji hutoboa tundu dogo la fuvu, akapitisha sindano kwa vipimo vya picha, akatoa nyuzi chache za nyama, basi. Nyuzi hizo hutiwa katika kichupa cha formalini, kichupa hufungwa kwa plasta, na jina huandikwa juu ya plasta kwa penseli, maana wino hufutika formalini ikivuja. Mara nyingi ni ndugu wa mgonjwa mwenyewe anayekibeba kichupa hicho kwenda maabara. Huko hukatwa vipande vyembamba, vikapakwa rangi, na mkaguzi hutafuta alama iitwayo CD20, ambayo huonyesha kwamba chembe hizo ni za B. Hiyo ndiyo yakini.

MAALIM: Hapana njia isiyopita katika fuvu?

DAKTARI: Ziko za pembeni. Maji ya uti wa mgongo yaweza kutolewa na kutafutwa ndani yake chembe za saratani, au chembechembe za kirusi cha Epstein-Barr. Kwa mwenye ukimwi aliye na uvimbe, kukutwa kwa kirusi hicho ni hoja yenye nguvu, ingawa si hukumu. Lakini kuyatoa maji hayo wakati fuvu limejaa shinikizo kwaweza kumuua papo hapo, hivyo picha hutangulia. Na jicho: limfoma hii hujipenyeza katika ute wa ndani ya jicho, na fundi wa macho mwenye darubini ya mezani aweza kuziona chembe zake zikielea. Mtu akisema aona ukungu na vijidoa, asiambiwe tu anunue miwani.

MAALIM: Elimu yote hii imekuja na meli za Ulaya?

DAKTARI: La, Maalim, na hapa tuna haki ya kujivuna kidogo. Mwaka 1958 daktari Mwairishi, Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji wa Hospitali ya Mulago huko Kampala, alitangaza habari za uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda. Hakuwa na mashine. Alikuwa na ramani, picha na barua, alizozituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni barani kote, akiuliza: mmemwona mtoto wa namna hii? Oktoba 1961 akatoka na wenzake wawili kwa motokaa kuukuu, wiki kumi, maili kama 10,000, kupita Kenya, Tanganyika na Nyasaland, akaingia hata Msumbiji yetu hii, akiuliza hospitali kwa hospitali, mpaka akaona kwamba maradhi hayo yanafuata joto na mvua, na kwamba mkia wa ukanda wake unashuka na pwani ya Msumbiji. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kwamba wameona kirusi ndani yake. Kirusi hicho ndicho tulichokitaja. Uvimbe wa taya na limfoma ya ubongo si maradhi mamoja, lakini alama ya kwanza ya mshtakiwa wa pamoja ilitoka katika taya la mtoto wa nchi hizi.

TABIBU: Basi kumbe mkubwa wenu naye alitibu kwa macho na barua.

Tabibu alilisema hilo kwa kujishindia, naye ameshinda zaidi ya alivyokusudia, kwa kuwa safari ya Burkitt haingezaa kitu lau mganga wa misheni fulani asingekuwa na daftari la kumwonyesha, lenye jina la mtoto, kijiji chake na mwezi alioletwa. Macho ya matabibu wa zamani yalikuwa mengi. Yaliyogeuka kuwa elimu ni yale yaliyoandikwa. Tabibu wetu ana macho, na daftari lake, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kichwa chake.

BI MKUBWA: Haya, yakini imepatikana. Dawa je? Au mmetupeleka Dar kujua jina tu?

DAKTARI: Dawa ni methotreksati, Bi Mkubwa, na si ngeni kwetu: Nairobi na Kampala waliitumia kwa watoto wenye uvimbe wa taya tangu miaka ya 1960, na Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Mulago mwaka 1967 kwa sababu ya kazi hiyo. Shida ya ubongo ni kwamba una kizuizi baina yake na damu, na dawa nyingi zinazoponya limfoma za mwilini hazikipiti. Methotreksati hukipita ikiwa nyingi kupita kiasi. Mgonjwa wa baridi yabisi hupewa miligramu 10 mpaka 20 kwa juma. Mwanamke wa umbo la kati mwenye limfoma ya ubongo hupewa gramu 5 hivi kwa saa tatu au nne.

TABIBU: Hiyo ni sumu.

DAKTARI: Ni sumu, na tiba ni kumtoa ndani yake akiwa hai. Maji ya mshipa usiku na mchana. Magadi ya dawa ili mkojo usiwe na tindikali, dawa isigande katika figo. Na baada ya saa 24 asidi ya foliniki, inayoziokoa chembe njema. Na damu kupimwa kila siku kujua dawa imebaki kiasi gani, mpaka iishe. Kisha marudio kila baada ya wiki mbili au tatu. Dawa yenyewe ni ya bei ya chini. Ghali ni maabara, maji safi, na muuguzi asiyelala. Wenye uwezo huongeza rituksimabu, inayoishika ile alama ya CD20, na sitarabini; na wenye nguvu hupandikizwa chembe zao wenyewe za uboho mwishoni.

TABIBU: Na hayo yote Palma?

DAKTARI: Palma, la. Wala sitajaribu, wala nisingependa mtu ajaribu kwa sababu ya huruma.

MAALIM: Na mionzi?

DAKTARI: Iko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, katika lile jengo la Wajerumani la mwaka 1897 lililo ufukweni, na Maputo imepata mashine yake miaka hii ya karibuni, baada ya nchi kukaa miongo mingi bila ya hata moja. Mionzi huuyeyusha uvimbe upesi, na kwa asiyeweza kustahimili methotreksati ndiyo kimbilio. Lakini ikiwa ni peke yake, uvimbe hurudi kwa wengi, na kwa wazee huharibu kumbukumbu na mwendo, hata mtu aliyepona asijue njia ya kwenda kisimani. Juu ya yote, huyu mwanamke wetu lazima arejeshwe katika dawa za kufubaza virusi. Kabla ya dawa hizo kuwapo, mwenye ukimwi na limfoma ya ubongo aliishi miezi miwili au mitatu. Leo, zikiandamana na methotreksati, wapo wanaoishi miaka. Na vidonge hivyo hutolewa hapahapa, bila ya jahazi.

Hapo Maalim aliwauliza wote wanachokubaliana, nami nayaeleza kwa ufupi kwa kuwa hayakuwa na ugomvi: septrini ianze siku ya kwanza, kipimo cha virusi na cha kifua kikuu vifanywe siku hiyohiyo, familia iambiwe siku hiyohiyo kwamba huenda ikahitajika safari, ili watafute fedha na karatasi wakati siku zinahesabiwa, wasianze siku ya 15. Ubishi ulibaki katika ile karatasi ya rufaa.

NAHODHA: Karatasi zenu nimezibeba, na nimeona zikikataliwa. Zimeandikwa Kireno. Karani wa ng'ambo huigeuza juu chini, kisha humwuliza mgonjwa, na mgonjwa ndiye yule anayetia chumvi katika chai.

DAKTARI: Iandikwe upande mmoja Kireno, upande wa pili Kiswahili. Mistari mitano yatosha. Siku ya degedege la kwanza. Kiungo kilicholegea, na lini. Majibu ya virusi na CD4. Siku na kipimo cha septrini. Na ikiwa alipewa deksa, tarehe na saa ya sindano ya kwanza. Mpasuaji wa hospitali ya Muhimbili, huko Dar es Salaam, akiuona mstari huo wa mwisho, atajua kama yafaa kumtoboa sasa au kuiondoa dawa kidogokidogo na kungoja. Asipouona, atatoboa bure.

TABIBU: Wataka nijishitaki kwa mwandiko wangu.

DAKTARI: Nataka mwenzako wa mwisho wa safari ajue ulichokijua wewe.

TABIBU: Nitaandika. Lakini lifahamike: usiku, mboni ikipanuka, na upepo ni wa kaskazi, sitampigia mtu simu kuomba idhini. Ufunguo wa kabati ninao mimi.

DAKTARI: Fungua, mzee wangu. Saa uliyofungua ndiyo nitakayoitafuta katika karatasi.

BI MKUBWA: Na karatasi hiyo nipeni mimi, niishone ndani ya kapulana. Msiiweke katika faili la hospitali. Za Mocímboa tuliziacha humo.